Rupia ya Mombasa

Katika mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilijaribu kuwa na sarafu yake yenyewe. Rupia hizo za fedha zilipigwa kwa Heaton mjini Birmingham, kwa uzito wa rupia ya Kihindi, zikatiwa herufi H na picha ya jua lenye taji. Jaribio halikudumu. Mwaka 1895 Kampuni iliiachia Serikali nchi, na baada ya 1920 rupia zote ziliondolewa, shilingi ikashika mahali pake.

Misafara ya Kampuni kwenda Uganda ilipita karibu na Ziwa Naivasha, kwa hiyo si ajabu jembe la mtu wa Karagita likaikuta rupia moja. Hapo ndipo hasara huingia. Mwenye kuiokota huisugua kwa majivu na mchanga hata ing'are, kisha humpelekea sonara, naye huinunua kwa mizani tu! Kumbe mkusanyaji hutazama mistari midogo ya taji, ile ile iliyofutwa. Yatosha kuisuuza kwa maji matupu.

Tena, kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale. Hakitolewi nchini pasipo kibali.