Mgombea Aliyepatikana Kabla ya Wajumbe Kufika

Ndugu wapenda mageuzi, tumezoea kulia juu ya wizi wa kura kana kwamba haki ya mpiga kura hupotea siku ya uchaguzi mkuu pekee. Mara nyingi kinyang'anyiro cha urais huwa kimekwisha miezi mingi kabla, ndani ya chama chenyewe, wakubwa wanapoamua nani abebwe na nani asukumwe kando.

Tutazame mwaka 2002. Tarehe 18 Machi, KANU na NDP viliungana huko Kasarani. Majina ya makamu wanne wa mwenyekiti yaliposomwa, la Profesa George Saitoti, Makamu wa Rais wa nchi, halikuwamo. Miezi michache baadaye Rais Moi akaanza kumnadi Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ameshindwa ubunge wa Gatundu Kusini mwaka 1997 na kuingia Bungeni kwa kuteuliwa mwaka 2001. Wajumbe walipokutana tena Kasarani tarehe 14 Oktoba, kazi iliyowasalia ilikuwa kuidhinisha.

Hivyo ndivyo baraka ya wakubwa inavyofanya kazi. Haihitaji kughushi hata karatasi moja. Diwani au mwenyekiti wa tawi anayetazamia tikiti ya chama huuliza kwanza mzee amesema nini. Tajiri wa kuchangia naye huuliza hilohilo. Na mshindani mwenye wafuasi wa kweli hujikuta hana jukwaa.

Hata hivyo, kubebwa si kufika. Siku ileile ya Oktoba, Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Saitoti na wenzao walikuwa Uhuru Park pamoja na upinzani. Tarehe 27 Desemba Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62 ya kura, Uhuru 31.

Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini Kibaki naye alipatikanaje? Raila alitamka "Kibaki tosha" jukwaani, na umati ukaitikia. Hakuna mwanachama wa kawaida aliyepewa karatasi ya kura. (Yakini, muda ulikuwa mfupi, muda huwa mfupi kila mara.) Jambo hili ndilo lililochangia kuipasua FORD mwaka 1992: Kenneth Matiba alitaka wanachama wote wapige kura kumteua mgombea, upande wa Jaramogi Oginga Odinga ukataka wajumbe. Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Kwa maoni yangu, katika hoja hiyo moja Matiba alikuwa na haki, ingawa mfarakano wenyewe ulitugharimu miaka kumi.

Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinavitaka vyama viendeshe chaguzi huru na za haki ndani yao. Bado, Machi 2022, William Ruto na Raila waliidhinishwa na mikutano ya wajumbe, na sheria inaruhusu. Basi nyinyi mlio wanachama wa chama chochote, nendeni tawini mkaombe orodha ya wajumbe wenu. Ulizeni walichaguliwa lini, na nani.