Amri Moja Haitoshi kwa Kila Kompyuta

Tangu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipoidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na za upili mwaka 2022, walimu wengi wamelipokea somo hili kwa moyo mkunjufu. Hata hivyo, ipo dosari tusiyopaswa kuifumbia macho: mwanafunzi hufunzwa amri za kompyuta ya aina moja kana kwamba zote ni za ukoo mmoja.

Chukulia mwanafunzi wa Sugoi, karibu na Eldoret, anayeandika kwa lugha ya Python programu ya kuchunguza iwapo kompyuta za shule zinawasiliana. Programu yake huiita amri ya mfumo iitwayo ping. Katika Windows, amri hiyo hutuma vijumbe vinne kisha hukoma. Katika Linux hutuma bila kikomo hadi ikatizwe, nayo programu hubaki ikingoja. Akitaka kutaja idadi, Windows hudai herufi n, ilhali Linux hudai c. Huko n ina maana nyingine kabisa. Mtahini asiyelijua hili atasema kijana hajui kazi, na jasho lake litapotea bure.

Tofauti hizi zina asili yake. Unix, ambayo Linux hufuata mfano wake, ilianza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. MS-DOS, ambayo Windows ilirithi desturi zake, ilitoka mwaka 1981. Faili hufutwa kwa rm huku, na kwa del kule. Wahenga walinena kwamba ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Basi tuwafunze vijana adabu ya ugenini. Kwanza, wasiite amri ya nje pale ambapo Python ina nyenzo zake yenyewe, kama vile za kunakili na kufuta faili. Pili, amri ya nje ikilazimu, programu iulize kwanza ipo katika mfumo gani, ndipo ichague amri ifaayo na kuiwekea muda wa mwisho wa kungoja. Tatu, isome namba inayorudishwa na amri: kwa kawaida sufuri ni ufanisi, na namba nyingine ni ishara ya hitilafu.

Wapo watakaosema kwamba shule yao ina Windows pekee. Je, mwanafunzi atakaa humo milele? Kesho atakuwa Chuo Kikuu cha Moi au kazini Nairobi, mbele ya mashine asiyoichagua. Isitoshe, Linux hupatikana bila malipo, na huweza kuwashwa kutoka kwenye diski ndogo ya mfukoni pasipo kuigusa Windows iliyomo.

Kwa hivyo, mwalimu asitoe alama kabla programu haijajaribiwa katika mifumo miwili. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemfunza kijana kompyuta, wala si chapa ya kompyuta.