Portobelo Si Mfalme wa Uyoga

Kuna tabia yetu ya Nairobi lazima leo niiseme. Mtu akipost pasta yenye portobelo, tunajaza moto kwenye maoni. Mwingine akipost obwoba kutoka kwao Kakamega, anaulizwa kama kwao hakuna duka. Jameni!

Haya, tuanze na hiyo portobelo. Ule uyoga mweupe wa duara wa supamaketi, ule wa kahawia ulio kando yake, na portobelo yenyewe, wote ni aina moja: Agaricus bisporus. Weupe ni badiliko la rangi tu, lililoonekana kwenye shamba moja Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1920, watu wakaupenda. Portobelo ni ule wa kahawia ulioachwa ukue hadi kofia ikafunguka. Ndiyo, ladha yake imekolea kwa sababu umekomaa. Lakini hao ni ndugu watatu wa mama mmoja, na mmoja amevaa suti. Lipia suti ukitaka, ila usitucheke.

Sasa cheki obwoba. Mwingi ni uyoga wa mchwa, Termitomyces. Mchwa ndio wakulima wake: wanautunza ndani ya kichuguu juu ya majani na miti waliyotafuna, mvua ikinyesha unachomoza. Huwezi kuukuza kwa mfuko wa majani makavu kama oista. Ni wa msimu, ni adimu, na mchwa hawapokei oda yako. Kitu kama hicho kingekuwa cha wazungu, tungekipangia foleni Westlands. Kwa sababu ni chetu, tunakiita chakula cha ushago. Hebu uchemshe, utie maziwa, uteremshe na ugali moto, halafu uniambie hiyo pasta ilikuwa na nini.

Na wale mnaosema uyoga hauna ladha, shida ni nyinyi. Mnapika aina zote vile vile! Ule mweupe ni maji karibu asilimia 90. Ukiujaza kwa sufuria, unauchemsha, haukaangi. Weka kidogo kidogo, moto mkali. Oista rarua kwa mkono kufuata nyuzi zake, kaanga hadi kingo zikauke. Shitake iliyokaushwa roweka, toa shina maana ni gumu, na yale maji usimwage, hiyo ndiyo supu.

Lakini ladha si hasara kubwa. Kuna uyoga unaoua, na kuupika hakuondoi sumu. Dalili zinaweza kuchelewa saa 6 hadi 24, kumbe ini tayari linaharibika. Hapo hakuna programu ya simu wala video, hata yangu, ya kuamini. Usichume kwa kubahatisha.

Mtasema ndiyo maana mnanunua supamaketi. Sawa, huko ni salama. Ila anayejua obwoba upi ni chakula na upi ni kaburi ni shosho, na hajaandika popote. Elimu yake iko kwa macho na vidole. Tukiendelea kumcheka, ataondoka nayo, na sisi tutabaki na ndugu watatu wa supamaketi tukidhani tunajua uyoga.

Mvua ikinyesha, nenda ushago. Beba kikapu, mfuate nyuma, uliza. Portobelo itakungoja. Shosho hatakungoja milele.