Mwacheni Mjamzito Aende Mwendo Wake

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa Februari, mji wa Moshi hupokea wageni wa mbio za Kilimanjaro zilizoanza mwaka 2003, na miongoni mwa maelfu wanaotoka asubuhi kuikabili njia ya nusu marathoni wamo ambao hawakukusudia kukimbia, bali kutembea kwa nafasi yao, wakiipanda barabara ya Mweka baina ya migomba na mibuni kisha wakateremka. Itokeapo mmoja wa watembeaji hao kuwa ni mwanamke mwenye mimba inayoonekana, hunong'onwa kando ya njia maneno ambayo pwani na bara husemwa kwa namna moja: kwamba huyu hana huruma na kiumbe aliyemo tumboni, kwamba mimba itaharibika, kwamba mumewe yuko wapi hata amwachie. Itikadi hii ndiyo ninayokusudia kuipinga, na ninaipinga kwa moyo wangu wote, kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu, fauka ya kutokuwa ya kweli, imebeba dhuluma ndani yake.

Woga huo una asili yake, nami siudharau. Nchi hii imezika mama wengi: uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakuta vimeshuka hadi 104, idadi ambayo bado ni msiba mzito kwa kila nyumba iliyofikwa. Watu waliopitia hayo hawalaumiki kwa kuiona mimba kuwa ni amana ya kushikwa kwa mikono miwili. Lakini ukiuliza mama hao walikufa kwa nini, utaambiwa kuwa wengi walikufa kwa kutokwa na damu nyingi, kwa kifafa cha mimba, kwa maambukizi, na kwa kuchelewa kufika penye msaada. Hutampata mkunga aliyekaa leba miaka mingi akakwambia kuwa walikufa kwa kutembea.

Wapo watakaonijibu kuwa hata matabibu waliwahi kukataza. Ni kweli. Mwaka 1985 jumuiya ya madaktari wa uzazi ya Marekani ilitoa nasaha kuwa mapigo ya moyo ya mjamzito afanyaye mazoezi yasizidi 140 kwa dakika, na kwamba jitihada kubwa isipite dakika 15; nasaha hiyo ikaenea duniani, ikaingia katika vitabu na vinywa vya watu, na mwaka 1994 jumuiya ileile ikaiondoa mipaka hiyo kwa kuwa haikuwa na ithibati ya kutosha. Wao waliondoa, sisi tumebaki nayo. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu afanye mazoezi ya kadiri si chini ya dakika 150 kwa juma, maana imedhihirika kuwa mwanamke ajishughulishaye hivyo hupungukiwa na hatari ya kisukari cha mimba na ya shinikizo la damu la mimba. Ama huko kulazwa kitandani, ambako bibi zetu na baadhi ya madaktari wao walikuwa wakikuamuru kwa nia njema, hakujaonekana kuzuia mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, na kwa mama hulegeza misuli na kuiweka damu katika hatari ya kuganda miguuni.

Waama, mwili wa mjamzito haukai ukingoja kuvunjika. Damu yake huongezeka kwa takriban nusu ya ile aliyokuwa nayo, moyo husukuma kiasi kikubwa zaidi kwa kila dakika, na pumzi huwa za kina zaidi tangu miezi ya mwanzo, kabla tumbo halijaonekana. Hata kule kuhema apandapo ngazi, ambako watu hukufanya dalili ya balaa, aghalabu ni kazi ya homoni zinazomtayarisha. Kilomita 21 na kidogo za nusu marathoni, kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, ni saa nne na dakika chache. Kipimo cha mwendo wake si saa ya mkononi bali ulimi: maadamu aweza kuzungumza na mwenziwe bila kukatika pumzi, yumo katika kadiri, akishindwa kumaliza sentensi, na apunguze.

Ulimwengu umekwisha kuona makubwa kuliko hayo. Paula Radcliffe wa Uingereza aliendelea na mazoezi akiwa na mimba, akajifungua Januari 2007, na Novemba ya mwaka uleule akashinda marathoni ya New York. Alysia Montaño alikimbia mita 800 katika mashindano ya taifa ya Marekani mwaka 2014 akiwa na mimba ya majuma 34. Hao ni mabingwa waliolelewa na mazoezi, wala simwambii mwanamke yeyote awaige. Ninawataja kwa sababu anayedai kuwa hatua za polepole huua mimba anapaswa kwanza kutueleza habari za hao.

Sasa nije kwenye dhuluma. Simama asubuhi karibu na bomba la mtaa wowote ambao maji hayajafika majumbani. Utamwona mwanamke mwenye mimba ya miezi saba akipiga goti moja, kata iko kichwani, mwenziwe akimtwika ndoo ya lita 20, yaani kilo 20 za maji mbali na ndoo yenyewe. Atainuka kwa kushika paja, atanyoosha shingo, ataipanda njia ya mawe huku mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo na wa pili umebeba dumu dogo, na maji yakimchuruzikia usoni hawezi hata kuyafuta. Atapita mbele ya baraza waliyokaa wanaume na wazee wenye heshima zao, atawaamkia, nao wataitikia, na hakuna atakayeuliza mumewe yuko wapi. Jioni atarudi tena. Kesho yake atainama shambani na jembe, au atasimama mchana kutwa mbele ya karai la mihogo.

Ilhali mambo ambayo wachunguzi wameyahusisha, japo kwa kiasi kidogo, na watoto kuzaliwa kabla ya siku zao ni hayo hasa: kunyanyua mizigo mizito na kusimama muda mrefu. Basi tunaogopa palipo salama na tunanyamaza palipo na hatari. Kwa nini? Nami sioni jawabu jingine ila hili, kwamba ndoo ile inatunufaisha sisi, na matembezi yale yanamnufaisha yeye. Jasho la mjamzito likimwagika kwa ajili ya nyumba huitwa wajibu. Likimwagika kwa ajili ya siha yake na furaha ya nafsi yake huitwa utovu wa huruma. Huruma ya namna hiyo mimi siikubali, na ninawaomba wenye kuiamini waipime kwa insafu.

Sisemi kuwa njia hiyo ni ya kila mjamzito. Mwenye kondo la nyuma lililotangulia, mwenye mlango wa kizazi uliolegea au ulioshonwa, anayetokwa na damu, aliyepasuka chupa, mwenye shinikizo la damu la mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu au maradhi ya moyo, hao wabaki nyumbani. Na asiyezoea kutembea hata kilomita tano asianze na 21. Joto nalo si la kupuuzwa, hususan katika miezi ya mwanzo, na jua la Moshi la Februari, kama la Unguja na Dar es Salaam, likishapanda halina mzaha: atoke mapema, avae nguo nyepesi, anywe maji kila kituo, asitembee na njaa. Akiona damu, au maji yakimtoka, au tumbo likikaza kwa maumivu, au kizunguzungu, au kifua kikimbana, asimame hapohapo na atafute msaada. Lakini mwenye kuyahukumu hayo ni mkunga wa kliniki aliyempima presha na kusoma kadi yake, si jirani aliyeegemea ukuta. Na mkunga naye, akiombwa rai, atoe jawabu kutokana na vipimo, asimfukuze mama wa watu kwa makelele.

Kwa waandaaji wa mbio nina ombi: wasifunge njia mapema, kwa maana mtembeaji wa saa nne au tano amelipa kiingilio kama mkimbiaji wa saa moja, waongeze vyoo njiani, kwa kuwa mwenye mimba hukojoa mara kwa mara, na waweke gari la kumchukua atakayeona yatosha. Na akiona yatosha kwenye kilomita ya kumi, akapanda gari akarudi, wapinzani wasiifanye hiyo kuwa hujja yao, kwa sababu hakuna mbio zisizo na wanaume wenye vifua vipana wanaoketi kando ya njia wakiwa wameshindwa, wala hatujasikia mtu akisema kwa ajili yao kuwa mwanamume hakuumbiwa kutembea.