Kabla hujaitupa tarakilishi kuukuu, isaili kwanza

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho yamkini unacho nyumbani kwako, kimefunikwa kitambaa pembeni mwa sebule au kimesukumwa chini ya kitanda pamoja na viatu vilivyochakaa. Nacho ni ile tarakilishi ya zamani ambayo kila mtu anasema haina kazi tena.

Wahenga walitunasihi tusiache mbachao kwa msala upitao. Nasaha hiyo niliikumbuka Desemba 2025 nilipokwenda Garsen, katika Kaunti ya Tana River, kumjulia hali mjomba wangu. Kutoka Malindi ni mwendo wa takriban kilomita 110. Unaipita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, kisha unakata nyika yenye joto kali hadi uufikie mji huo ulio karibu na mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Nilipomwamkia, "Shikamoo mjomba," aliitika, "Marahaba mwanangu," lakini bashasha yake ya siku zote sikuiona. Baada ya chakula ndipo aliponieleza yaliyomsibu.

Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wakulima wa maembe na ndizi. Kila mwezi walichanga, na kwa michango hiyo wakajenga ghala. Sasa ghala limeuzwa, na wanachama wamekubaliana kila mmoja apate fungu lake kwa kadiri alivyochanga. Lakini daftari zilikuwa nyumbani kwa katibu, karibu na mto. Watu wa huko wameyazoea mafuriko. Waliyaona ya El Nino mwaka 1997 na 1998, wakayaona ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023. Tana ilipovunja tena kingo zake Aprili na Mei 2024, daftari zile ziligeuka uji.

Bila ya daftari ikabaki minong'ono. Wapo waliosema pembeni kwamba mwalimu alizila pesa za watu na sasa anasingizia mto.

"Kila shilingi niliiandika, mwanangu," mjomba aliniambia, akinyoosha kidole juu ya kabati. "Imo mle."

Juu ya kabati, mahali ambapo maji hayakufika, palikuwa na tarakilishi ya mezani aliyoinunua mwaka 2005. Haikuwa imewashwa kwa miaka mingi. Mwanawe, ambaye yuko chuoni, alikuwa ameiwasha wiki hiyo, akapata kiwambo cheusi chenye ujumbe wa kosa. Sasa alikuwa ameshika flashi mkononi, tayari kufuta kila kitu na kuweka Windows 10.

Nilimwambia, "Ngoja kwanza!" Hapo ndipo penye somo letu la leo.

Msomaji, mfumo endeshi ni msimamizi wa tarakilishi. Ndio unaogawa kazi baina ya diski, kiwambo, kibodi na programu. Bila ya msimamizi huyo, mashine ni sanduku la vyuma tu. Msimamizi wa kale akianguka, haina maana kwamba mali iliyomo ghalani imepotea. Lakini ukimleta msimamizi mpya kwa pupa, jambo la kwanza atakalofanya ni kufagia ghala lote.

Isitoshe, mifumo hii huja na masharti yake, na masharti hayo hupanda mwaka hadi mwaka. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliweza kufanya kazi kwa kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya Oktoba 2001 ilitaka angalau 64, na ilipendelea 128 au zaidi. Windows 10 ya Julai 2015 haikubali chini ya gigabaiti moja, nayo Windows 11 ya mwaka 2021 yataka gigabaiti 4 pamoja na kitengo maalumu cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Mashine ya mjomba ilikuwa na megabaiti 256. Binamu yangu angeifuta diski, kisha asiweze kuweka chochote. Angekosa mwana na maji ya moto.

Basi tulifanya nini? Fuata hatua hizi taratibu, huenda zikakufaa nawe.

Hatua ya kwanza ni kuinakili diski kabla ya kugusa jambo jingine lolote. Tuliichomoa umeme, tukalifungua sanduku na kuitoa diski kuu. Kwa fundi wa simu sokoni tuliazima waya wa kuunganisha diski ya kale na tarakilishi ya kisasa. Fahamu kwamba diski za miaka ile ni za aina mbili: zenye waya mpana bapa na zenye waya mwembamba. Uliza waya unaolingana na yako. Tukanakili kila kitu kwenye tarakilishi yangu ya mkononi. Faili za mjomba zilikuwemo zote, lakini hazikufunguka. Alikuwa amezitengeneza kwa Microsoft Works, programu ambayo ilikuja na mashine yake na ambayo haitengenezwi tena. Programu za kisasa nilizokuwa nazo hazikuzielewa. Ilibidi tumwamshe mzee mwenyewe azisome.

Hatua ya pili ni kuusafisha mwili kabla ya kulaumu akili. Vumbi la Garsen lilikuwa limejaa ndani kama unga kwenye kinu. Tulilipangusa kwa brashi mpya ya rangi, tukazichomoa kadi za kumbukumbu na kuzirudisha mahali pake. Kisha tukabadilisha betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Betri hiyo ndiyo inayoikumbusha mashine tarehe na mipangilio yake umeme unapozimwa. Ikifa, tarakilishi hudhani iko miaka mingi nyuma, na wakati mwingine husahau hata diski yake iko wapi. Ni betri ya bei nafuu, na wauza saa wengi wanayo. Wangapi wamezitupa mashine nzima kwa sababu ya betri hii!

Hatua ya tatu ni kutengeneza, si kufuta. Bahati njema, mjomba ni mtu wa kuhifadhi. Sidii ya Windows XP iliyokuja na mashine ilikuwa katika bahasha moja na vyeti vyake vya ualimu, na namba ya leseni ya herufi na tarakimu 25 ilikuwa bado imebandikwa ubavuni mwa sanduku. Tuliiambia mashine ianzie kwenye sidii. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea njia. Skrini ya kwanza inakupa herufi R. Hiyo iache, ni ya mafundi waliobobea. Bonyeza Enter ili kuendelea, kisha F8 kukubali masharti. Mtambo ukiiona Windows iliyokuwemo, utakupa R ya pili. Hiyo ndiyo ya kuitengeneza Windows iliyopo bila ya kugusa nyaraka zako. Usiibonyeze D katika skrini inayofuata. Hiyo ndiyo herufi ya kufuta.

Mtambo ulituahidi dakika 39. Yeyote aliyewahi kuweka XP anazijua dakika hizo, jinsi zinavyojivuta kama kobe. Stima ilipotea mara moja, lakini tulikuwa tumeazima kifaa cha kuhifadhi umeme, nacho kikatuvusha. Wewe pia usianze kazi hii bila ya kifaa hicho, hasa mahali ambapo umeme haukawii kukatika.

Je, iwapo unaanza upya kabisa, bila ya Windows iliyokuwemo? Hapo kusanya mapema zile programu ndogo ambazo mafundi huziita draiva, zinazoufundisha mfumo kutumia kiwambo, sauti na printa yako. Bila hizo utaona picha kubwa zilizofifia na sauti hutaisikia. Kama mashine ni ya miaka ya baadaye kidogo na XP inakwama kwa skrini ya buluu mwanzoni mwa kazi, ingia kwenye mipangilio ya msingi ya mashine, iliyo katika bayosi, ubadilishe diski kutoka AHCI hadi IDE. Aghalabu tatizo huisha hapo. Na ukiona flashi yako kubwa ya kisasa haisomeki, usishtuke. Nyingi zimepangwa kwa muundo wa exFAT ambao XP haiujui bila ya kuongezewa kiraka. Tumia flashi ndogo yenye muundo wa FAT32.

Sasa onyo, na nakusihi ulizingatie. Mfumo wa kale usiuunganishe na intaneti. Microsoft iliacha kuishonea XP viraka vya usalama Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020, na Windows 10 ilifikia tamati ya huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Nyumba ambayo haizibwi tena nyufa ni mwaliko kwa wezi. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilivamia mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, vikafunga nyaraka za watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Wengi wa waliopatwa walikuwa wakitumia Windows bila ya kuweka viraka. Kwa hiyo mambo ya benki, ya ushuru au ya eCitizen usiyafanye kwenye XP hata siku moja. Iache iwe mashine ya kuandika, kupiga hesabu na kufungua nyaraka za zamani.

Ukitaka mashine kuukuu iingie kwenye intaneti, uko mlango mwingine. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianzisha Linux, na hadi leo iko mifumo iliyojengwa juu yake ambayo hupatikana bila malipo na bado inashonewa viraka. Ila chagua kwa makini. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za kale za biti 32, lakini Debian 12 inacho. Ukiwa na gigabaiti moja au mbili na ukichagua sura nyepesi kama LXDE au Xfce, utaandika na kusoma barua pepe bila taabu kubwa. Na wala Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza lugha yetu.

Nanyi wanafunzi, msidhani haya ni ya wazee pekee. Kwa miaka mingi watahiniwa wa somo la Tarakilishi katika KCSE wametengeneza miradi yao kwa Visual Basic 6, programu ya mwaka 1998. Kama una mashine mpya na unataka kuona mifumo ya kale ilivyokuwa, iko programu ya VirtualBox inayokuwezesha kuendesha tarakilishi ndani ya tarakilishi. Ukiiharibu ile ya ndani, ya nje haidhuriki. Hakuna shule nzuri kuliko hiyo.

Turudi Garsen. Alasiri ilipofika, mandhari ya kilima cha kijani na anga ya buluu yalijitokeza kwenye kiwambo, na mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Works ikafunguka, majina yakatiririka, mwezi baada ya mwezi, kuanzia 2005. Tukazihifadhi orodha kwa muundo sahili wa maandishi yanayotenganishwa kwa mikato, ambao programu yoyote ya leo inausoma, tukazichapisha mjini. Nakala moja tuliiacha kwenye flashi, nyingine nikaondoka nayo.

Jumamosi kikundi kilikutana chini ya mwembe. Mjomba alisimama na karatasi zake, akasoma jina moja moja. Palikuwa na mama mjane ambaye mumewe alichanga kwa miaka minne, naye hakuwa na hata risiti moja. Jina la marehemu liliposomwa, na michango yake yote, mama yule aliinamisha kichwa akajifuta macho kwa ncha ya leso. Wale wa minong'ono walikuwa wakitazama chini.

Kisha mjomba alifika kwenye jina lake mwenyewe. Alitulia kidogo. "Mwaka 2009 kuna miezi miwili sikulipa," akasema. "Nilikuwa nimesahau. Mashine haikusahau. Nikateni."

Sikusikia mnong'ono tena baada ya hapo.

Kwa hivyo, msomaji wangu, kabla hujamwita muuza vyuma chakavu, isaili kwanza tarakilishi yako. Itoe diski, nakili yaliyomo, tazama kuna picha za nani, barua za nani, hesabu za nani. Ukiisha kujiridhisha, ama uipe kazi nyepesi, ama uipeleke kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki. Usiichome moto nyuma ya nyumba, maana ndani mna risasi na sumu nyinginezo.