Hoja na Muwala Wake

Katika vikao vya hapa Mpanda, na kwingineko mkoani Katavi, si ajabu kusikia mpango ukisifiwa kwamba ni "coherent", au ukikosolewa kwamba si "consistent". Wajumbe hutikisa vichwa kukubali, kikao kikaendelea. Hatuna ugomvi na Kiingereza. Tunalolikataa ni sifa ambayo wale wanaopangiwa mpango hawawezi kuipima.

Asili ya maneno hayo ni Kilatini, wala hayana maana moja. La kwanza latokana na kugandamana. La pili, kusimama pamoja. Kusema kwamba reli ya Mpanda huungana na Reli ya Kati pale Kaliua, na kwamba mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ni kutoa kauli mbili zisizogombana. Zimesimama pamoja, lakini hazikugandamana: hapo hapana hoja.

Kiswahili nacho hakikulala. "Mantiki" limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni kutamka. Ndiyo maana katika Kurani neno hilo hilo latumika kwa lugha ya ndege aliyofunzwa Nabii Suleimani. "Mshikamano" lachora picha ile ile ya Kilatini, ila majukwaa yamekwisha kulitwaa kwa umoja wa watu. Wataalamu wetu wa lugha wanatumia "muwala", nasi twaliunga mkono. Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake alikumbuke katika mlango wa udhu: kuosha viungo mfululizo, cha kwanza kisikauke kabla ya kufikiwa cha pili. Hoja yenye muwala ni hiyo, ambayo kauli ya kwanza ingali mbichi pale ya pili inapoipokea.

Tuutazame mto Katuma. Tuseme kifungu kimoja cha mpango chawataka wakulima wa mpunga wapanue mashamba na kuchepusha maji. Kifungu kingine chataka viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, walio chini ya mto huo huo, wasikose maji wakati wa kiangazi. Kila kifungu ni chema peke yake, na msomaji wa haraka atapiga makofi mara mbili. Lakini maji yaliyozuiwa juu hayafiki chini, na si mara moja tumeona viboko wamerundikana katika madimbwi ya tope. Mpaka mpango useme nani achukue maji kiasi gani, na katika miezi ipi, hauna muwala. Mkulima wa Mwamkulu ndiye atakayelipa: akitii kifungu cha kwanza, ataadhibiwa kwa cha pili.

Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo uteuzi wa neno si anasa ya walimu. Ibara ya 64(5) ya Katiba yasema sheria inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachoikiuka. Kukiuka ni kuvuka mpaka. Sheria ndogo yaweza isivuke mpaka wowote, na bado vifungu vyake visipokeane. Ibara hiyo haitaifuta. Hiyo itabaki kazi ya mkutano mkuu wa kijiji, ambako mwananchi ana haki ya kusimama na kuuliza kifungu cha tatu kimetokaje katika cha pili, na kujibiwa kwa lugha aliyoulizia.