Roger Casement: bunduki zilizama, ripoti ikabaki

Tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 1916, Waingereza walimnyonga Roger Casement katika gereza la Pentonville, mjini London. Kosa lake: uhaini. Kwa Waingereza alikuwa msaliti. Kwa Wairlandi ni shujaa wa uhuru. Sisi Wakongomani tuna sababu yetu ya kumkumbuka.

Casement alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, wakati Irlandi yote ilikuwa chini ya Uingereza. Alifika Congo akiwa kijana, baadaye akawa konsuli wa Uingereza huku kwetu. Mwaka 1903 alipanda mto Congo hadi upande wa Ekwateri, akawasikiliza wakaaji wa vijiji. Walimweleza kodi ya mpira, wanawake waliofungwa hadi waume wao walete mpira, na mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904, dunia ikashtuka. Mwaka 1908 mfalme Leopold II alilazimika kuiachia Congo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Uingereza ilimpongeza, na mwaka 1911 ikampa cheo cha Sir. Lakini yeye aliandika kwamba katika misitu ya Congo, alikomkuta Leopold, alijitambua pia kuwa Muirlandi. Kumshitaki mfalme wa wengine kulimletea nishani. Kumkataa mfalme aliyemtumikia kulimletea kamba.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia alikwenda Ujerumani kutafuta silaha. Hapo hatuwezi kufumba macho: ni Ujerumani hiyo hiyo iliyokuwa imewaangamiza Waherero na Wanama huko Namibia. Mwezi wa nne 1916, meli iliyobeba bunduki 20,000 ilinaswa na Waingereza, mabaharia wakaizamisha wenyewe. Casement alishuka kutoka nyambizi kwenye pwani ya Kerry, akakamatwa siku ile ile. Siku 3 baadaye maasi yalianza Dublin bila silaha hizo. Watu karibu 500 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa raia wa kawaida.

Watu mashuhuri waliomba asamehewe. Serikali ikapitisha kichinichini kurasa za shajara yake, zinazosimulia mapenzi yake na wanaume, ili waombezi wanyamaze. Mwaka 1965 tu mabaki yake yalirudishwa Dublin, akazikwa kwa heshima za taifa.

Bunduki za Casement hazikufika. Ripoti yake ingali inasomwa, ingawa ilichapishwa majina ya watu na ya vijiji yakiwa yameondolewa, jambo lililomkasirisha sana.

Hapa mashariki tunaijua hali hiyo. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa Ripoti ya Mapping, yenye visa 617 vya uhalifu mkubwa uliotendwa nchini kati ya 1993 na 2003. Majina ya washukiwa yamefungiwa Geneva, na mahakama iliyoombwa na wahanga bado haijaundwa.

Wazee wa Ekwateri walimwambia ukweli mgeni waliyemwona kwa siku chache tu, huku waliowatesa wakiwa bado jirani yao. Wahanga wa leo nao wamesema. Wenye kuogopa majina hayo wasituambie tena kwamba ushahidi haupo. Upo, umeandikwa. Kinachokosekana ni hakimu.